Mkunguma na "Majani ya Majivu"

Miaka michache iliyopita nililetewa tafsiri ya mwongozo mmoja wa miche ya asili ili niipitie kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Ulikuwa mwongozo mfupi, ulioandikwa kwa Kiingereza na kufasiriwa na kijana mwenye bidii, ambaye sina shaka kwamba anaijua vyema lugha ya mama yake. Nilipofika katikati nilikutana na sentensi iliyonifanya niiweke kalamu chini. Ilisema kwamba mkunguma ni "mti mdogo wa jamii ya beri za sabuni, wenye majani ya majivu".

Nilimwita mfasiri nikamwuliza kama amewahi kuuona mti huo. Akajibu kwamba amekua chini yake. Bibi yake alikuwa nao mmoja nyuma ya nyumba, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wakiyagombea makunguma yake.

"Na majani yake yana rangi gani?"

"Ya kijani kibichi, Mzee, kama majani mengine."

"Mbona basi umeandika majivu?"

"Ndivyo kisemavyo kitabu."

Jibu hilo halikunichekesha. Kijana huyu aliujua mti kuliko mwandishi wa kitabu, lakini alipoishika kalamu aliyaacha maarifa yake mlangoni akaamini kamusi. Makala haya yanakusudia kulieleza kosa lile lilivyozaliwa, kisha kulizungumza jambo lililo gumu zaidi, yaani jina lenyewe la mkunguma, ambalo nalo si salama kama mfasiri alivyodhani.

Mti tunaousemea hapa ni ule ambao wataalamu wa mimea wanauita Lecaniodiscus fraxinifolius. Huota katika misitu na vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania, na kandokando ya mito hata bara, na mipaka yake huvuka nchi zetu mbili kwenda Somalia na Ethiopia kwa upande mmoja, na Msumbiji na Malawi kwa upande mwingine. Si mti mkubwa. Mara nyingi ni kama kichaka kirefu, na hata ukinyanyuka haushindani na mvule wala mkangazi. Maua yake ni madogo, hayana petali, wala hayamvutii mtu kwa sura. Matunda ndiyo yanayoufanya ujulikane: ni madogo, yanaiva yakawa na rangi ya manjano inayoelekea machungwa, yana vinywele laini juu ya ganda, na ndani mna mbegu moja iliyozungukwa na nyama laini. Nyama hiyo ndiyo huliwa.

Jani lake lataka kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo litakalotuamulia shauri baadaye. Jani moja limegawanyika kuwa vijani vingi vilivyopangika jozi jozi pande mbili za kikonyo, na jozi ya mwisho ndiyo inayokifunga kikonyo. Hapana kijani kimoja cha pekee kinachotokeza nchani. (Msomaji ataona papo hapo adha ya istilahi hii. "Vijani" kwa wingi hauna tatizo, lakini "kijani" kwa umoja ni rangi pia, na nimewahi kusoma katika daftari la mwanafunzi kwamba "jani hili lina kijani saba". Katika darasa naona heri kusema "kipande cha jani" kwa umoja, hata kama ni kirefu.)

Sasa tuyarudie majivu. Jina la pili la mti huu, fraxinifolius, ni la Kilatini na maana yake ni "mwenye majani kama ya Fraxinus". Fraxinus ni mti wa nchi za baridi, wa familia moja na mzeituni, unaojulikana sana Ulaya kwa mbao zake ngumu za mipini. Waingereza wanauita kwa neno ambalo pia hutaja majivu ya mekoni. Maneno hayo mawili yamefanana kwa sauti na kwa tahajia tu. Kwa asili hayana udugu. Mwandishi wa mwongozo alikuwa ameufafanua mti kwa jina la Kiingereza lililofasiriwa kutoka Kilatini, na mfasiri wetu akalifasiri la Kiingereza kwa Kiswahili, kwa hiyo kosa likazaliwa katika daraja la pili. Lau angelianza na la Kilatini, angelikwama, na kukwama kungemfaa, maana anayekwama huuliza.

Nitaongeza kwamba hata la Kilatini halina usahihi kamili. Fraxinus huwa na kipande kimoja cha jani nchani, na mkunguma hauna. J. G. Baker, aliyeuandika mti huu katika kitabu cha mimea ya Afrika ya tropiki mwaka 1868, alifananisha kwa jumla tu, kama mtu asemavyo kwamba fulani ana pua ya mjomba wake. Majina ya kisayansi si maelezo; ni anwani. Mfasiri anayejaribu kuyapata maelezo ya mti katika jina lake la Kilatini ni sawa na anayetafuta tabia za mtu katika namba ya sanduku lake la posta.

Hata hivyo yapo ya kujifunza humo. Lecaniodiscus limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kibakuli na kisahani, kwa sababu ya sehemu fulani ya ua iliyo kama sahani ndogo. Na familia inayouhifadhi mti huu, Sapindaceae, imepata jina lake kutokana na jenasi Sapindus, ambayo jina lake liliundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya Kilatini: sapo, yaani sabuni, na lile la kutajia Uhindi. Matunda ya miti ya Sapindus yana wingi wa saponini, kemikali ambayo molekuli yake hupenda maji kwa upande mmoja na mafuta kwa upande wa pili. Ukiyasugua matunda hayo majini hutoa povu, na watu wa Uhindi na wa Amerika wameyatumia kufulia tangu zamani. Povu hilo hilo likitiwa katika kijito huwadhuru samaki, kwa kuwa saponini huziharibu ngozi nyembamba za mashavu wanayopumulia.

Kwa mpenzi wa lugha, sapo ni neno la nyumbani. Plinio wa Roma, aliyefariki mwaka 79, alilitaja kama jina la kitu walichokibuni Wagali kwa kuchanganya shahamu na majivu (majivu ya kweli safari hii). Kutoka Kilatini neno lilipita katika Kigiriki, likaingia Kiarabu likawa ṣābūn, na sisi tukalipokea likawa sabuni. Kwa hiyo Mswahili anaposema sabuni, na mtaalamu anaposema Sapindaceae, wote wawili wametamka neno moja lililopita katika njia mbili mbalimbali. Nimeona walimu wakiwaambia wanafunzi kwamba majina ya Kilatini hayana uhusiano wowote na lugha yetu. Hapa ushahidi uko bafuni.

Je, basi tuiite familia hii "familia ya msabuni"? Fikira hiyo huvutia, na mfasiri wetu hakuwa wa kwanza kuielekea. Mimi naipinga, na sababu zangu si za mapenzi ya lugha tu.

Familia yenyewe ni kubwa, ina jenasi zipatazo 140 na spishi zinazokaribia 1,900, na nyingi kati yake hazifuliwi nguo. Ndani yake mna mshokishoki tunaoujua Unguja, ambao Wamalay waliupa jina linalotokana na nywele kwa sababu ya ganda lake, mna lichi, mna mbwakabwaka wa pwani yetu, Deinbollia borbonica, uliobeba katika jina lake la jenasi kumbukumbu ya kasisi wa Norwe, Peter Vogelius Deinboll, na katika jina la pili kumbukumbu ya Bourbon, jina la kale la kisiwa cha Réunion. Tangu uainishaji mpya uanze kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wengi wameingiza humo hata ule mti ambao jani lake liko katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Kuwaambia Wakanada kwamba jani la bendera yao ni la sabuni si jambo tutakaloweza kulitetea.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Jina la familia likitiwa katika mwongozo wa kijijini halisomwi kama anwani. Husomwa kama ahadi au kama onyo. Akiambiwa kwamba mkunguma ni wa "jamii ya sabuni", mama mmoja atauponda auchemshe afulie, na mwingine atawakataza watoto kula makunguma, ambayo wazazi wake waliyala. Kinyume chake nacho kina hatari. Akiambiwa kwamba ni wa "jamii ya shokishoki", atadhani kila tunda la jamii hiyo ni la kuliwa. Sivyo. Tunda la Blighia sapida, ambalo asili yake ni Afrika ya Magharibi na leo ni tunda la taifa la Jamaika, huliwa likiwa limeiva na kujifungua lenyewe. Likiwa bichi lina sumu iitwayo hipoglisini, inayoshusha sukari ya damu hata kuua. Sumu ya aina hiyo imo katika lichi pia. Uchunguzi uliofanywa Muzaffarpur, Uhindi, mwaka 2014, na kutangazwa mwaka 2017, ulihusisha ugonjwa wa ghafula wa watoto na kula lichi kwa wingi pasipo kula chakula cha usiku. Matunda hayo ni ya ukoo mmoja na yetu, lakini udugu wa mimea hausemi lolote la hakika juu ya kile kinachofaa kutiwa kinywani.

Kwa hiyo ningeshauri kwamba katika maandishi ya kitaalamu familia iachiwe jina lake, liandikwe Sapindaceae au, pale ambapo mwandishi anataka litamkike kwa urahisi, Sapindasea. Na katika maandishi ya watu wote lisitajwe kabisa, isipokuwa lina kazi ya kufanya katika sentensi. Katika mwongozo ule halikuwa na kazi. Mkulima anayetaka kujua jinsi ya kuotesha mche hahitaji kuambiwa nasaba yake.

Nalitumia neno "familia" kwa kuwa ndilo lililozoeleka madarasani pamoja na "jenasi" na "spishi". Wako wanaolipendelea "ukoo", na ninakiri kwamba ni neno zuri zaidi. Lakini ukoo una baba, na familia ya mimea haina. Kisha tukiutumia ukoo kwa daraja hili, tutatafuta neno gani kwa daraja la juu yake?

Nimesema kwamba jina mkunguma nalo si salama. Katika vitabu vya miti vya Kenya, mkunguma wa Kiswahili ni huu wetu, Lecaniodiscus. Lakini katika maandishi kadhaa ya Tanzania jina hilo hilo limewekewa mti mwingine, Sorindeia madagascariensis, ambao ni wa familia ya mwembe na mkorosho. Mti huo wa pili sehemu nyingine huitwa mkwingwina, na kwingineko mpilipili, jina ambalo nalo lina mwenyewe. Miti hii miwili huweza kuota katika msitu mmoja. Yote miwili ina majani yaliyogawanyika. Yote miwili ina matunda ya manjano yanayoliwa na watoto. Aliyeipa jina moja hakuwa mjinga. Alitazama alichokiona, akakiita kwa faida aliyoipata.

Tatizo huanza jina linapohama kutoka kinywani kwenda kwenye waraka. Katika wilaya moja ambayo sitaitaja palibandikwa tangazo la kuzuia ukataji wa miti kandokando ya mto, likaorodhesha miti kumi hivi kwa Kiswahili peke yake, mkunguma ukiwamo. Mzee mmoja alikata mti uliokuwa umeinamia shamba lake la mpunga, akaletwa mbele ya wakubwa. Alijitetea kwamba mkunguma anaoujua yeye, na baba yake kabla yake, si huo. Huo kwao ni mkwingwina. Karani alifungua kitabu kimoja akaona mzee ana haki. Karani wa pili alifungua kitabu kingine akaona hana. Sikuwapo siku shauri lilipoamuliwa, ila nilioneshwa nakala ya tangazo na kuulizwa "Kiswahili sahihi" cha mti ule ni kipi, kana kwamba lugha ingeweza kumhukumu mzee baada ya kosa kutendwa. Nilijibu kwamba Kiswahili chake ni sahihi, na cha tangazo ni sahihi pia, na kwamba aliyekosa ni aliyetunga tangazo kwa jina moja lisilofungwa.

Kulifunga jina si kazi ngumu. Wakusanyaji wa zamani walilijua jambo hili. P. J. Greenway, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alipotoa kamusi yake ya majina ya Kiswahili ya mimea mwaka 1937, aliliwekea jina la Kiswahili jina la kitaalamu ubavuni. Padri Sacleux katika kamusi yake ya mwaka 1939 alikuwa na desturi hiyo hiyo. Wafasiri wengi wa leo huchukua nusu ya kushoto ya ukurasa na kuiacha ya kulia, kwa hofu ya kuonekana wanatia maneno ya kigeni. Hofu hiyo haina msingi. Mwenye kusoma Kiswahili peke yake ataliruka jina la Kilatini bila kudhurika, na hakimu atalihitaji.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Mwalimu mmoja aliwahi kunieleza kwamba kunguma ndiyo asili ya kungumanga, ile kokwa ya kiungo ikunwayo juu ya uji na maandazi. Masikio yanashawishika, lakini ukilikata neno vizuri utaona ni kungu na Manga. Kungu ni tunda la mkungu, mti wa pwani wenye kivuli kipana. Na Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa upande wa Omani, kama tulionavyo katika pilipili manga. Kungumanga basi ni "kungu ya Manga", jina lililotolewa na watu walioiona kokwa ikishushwa kutoka majahazini pasipo kuuona mti wake. Silabi -ma- ni mali ya Manga. Kunguma haina haki nayo.

Lakini kungumanga inatufaa kwa njia nyingine. Kokwa yake imefungwa na wavu mwekundu wenye harufu, na wavu huo tunauita basibasi. Wataalamu huuita utando wa namna hiyo, unaoota kutoka mahali mbegu iliposhikamana na tunda na kuizunguka, kwa jina ambalo katika Kiswahili limeanza kuandikwa "arili". Nyama nyeupe ya lichi ni arili. Pendekezo limewahi kutolewa katika mazungumzo, nami nililisikia kwa masikio yangu, kwamba tuache kukopa na tuseme "basibasi" kwa arili zote. Lilipigiwa makofi. Mimi sikupiga. Basibasi hununuliwa dukani, hupimwa kwa mizani na kutiwa katika pilau. Tukisema kwamba lichi ina basibasi, mpishi atalionja tunda na kutuona waongo. Neno lenye kazi yake sokoni halichukuliwi likapewa kazi ya maabara, hata kama kwa mtaalamu vitu hivyo viwili ni kimoja. Arili ikae, na mara ya kwanza ielezwe kwa maneno "nyama inayoizunguka mbegu".

Kuhusu mkunguma wenyewe, pendekezo langu ni kwamba katika maandishi rasmi jina hili lihifadhiwe kwa Lecaniodiscus fraxinifolius, na Sorindeia madagascariensis uandikwe mkwingwina, kwa kuwa wa pili una jina jingine la kuangukia na wa kwanza hauna. Sisemi kwamba watu wa Tanga au wa Morogoro wabadilishe wanavyosema. Baraza halina uwezo huo, na likiwa nao lisiutumie. Ninachosema ni kwamba karani anapoandika tangazo, na mwalimu anapotayarisha somo, atie jina la kitaalamu mara ya kwanza, kisha aeleze alama moja inayoonekana kwa macho. Kwa miti hii miwili alama ni jani: mkunguma huishia kwa jozi, mkwingwina huishia kwa kipande kimoja nchani, na jani la mkwingwina likipondwa aghalabu hutoa harufu ya ulimbo kama la mwembe. Mgambo asiyejua kusoma anaweza kufundishwa hayo kwa dakika tano.

Sentensi ya mwongozo ule hatimaye ilipigwa chapa hivi: "Mkunguma (Lecaniodiscus fraxinifolius) ni mti mdogo wa pwani na wa kandokando ya mito, jani lake lina vipande vilivyopangika jozi jozi hadi mwisho, na matunda yake ya manjano huliwa yakiiva." Mfasiri aliiandika mwenyewe, baada ya kwenda nyumbani Jumamosi kulitazama jani. Wasomaji walio na jina jingine la mti huu, au wanaoliita mkunguma jambo lingine kabisa, wanaombwa watuandikie, wakitaja mahali wanapolisikia na wakiambatisha jani moja lililokaushwa ndani ya gazeti, zima, pamoja na ncha yake.